Bitutu wa Mogaka, Mpishi Aliyenyimwa Jiko la Harusi ya Mwanawe

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa wa Marani na wa Nyamira, wageni wetu wa mjini Kisii, mimi ni Machogu, mwalimu, mtoto wa kwanza wa marehemu, na baba yangu mzee Mogaka ameniagiza nisome maisha ya mama tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu, nami sitaruka. Ninasoma kwa Kiswahili ili wageni wasikie, na wale wa hapa kwetu ambao Kiswahili huwatoka kichwani wakiona neno linawagusa, leo nawaomba wakikumbuke.

Marehemu Mama Abigael Bitutu alizaliwa karibu na Nyamarambe, tarehe haikuandikwa, lakini wazee walihesabu ukawa mwaka wa 1911, mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto saba. Mwaka wa 1923 aliingia shule ya misheni, akasoma miaka mitatu, akajua kusoma Biblia na kuandika barua, kisha akatolewa kwa sababu ilidhaniwa kwamba msichana akijua zaidi ya hapo atakosa mume. Alibatizwa mwezi wa Juni mwaka wa 1929, na mwezi wa Julai mwaka uliofuata akaolewa na baba yetu, akaja hapa Marani, na mume alimpata vizuri tu pamoja na kusoma kwake. Walijaliwa watoto watano, mimi niliyezaliwa mwaka wa 1932, Kwamboka wa mwaka wa 1935, Orpah wa mwaka wa 1938, na wadogo wawili ambao surua iliwachukua katika wiki moja mwaka wa 1943.

Kazi yake ilikuwa shamba la wimbi na migomba, na siku ya soko aliuza ndizi mbivu, lakini kazi iliyompa jina ni upishi wa harusi, ambao aliuanza mwaka wa 1938 na hakuna ukoo hapa ambao hakuupikia. Wenyeji mnaijua desturi yetu, na wageni nawaeleza, kwamba siku ya harusi watu wa upande wa pili hawali kitu mpaka mpishi asimame mbele yao, amege tonge la obokima, yaani ugali wa wimbi, alichovye kwenye mchuzi, alitafune na kulimeza wakimwangalia, ndipo wajue hakuna sumu. Mama alifanya hivyo kwa miaka kumi na sita, tonge lake likiwa kubwa kuliko la mwanamume, na akiona mtu amemkodolea macho sana humwuliza kama anataka kuhesabu na meno, watu wakacheka, wakala.

Mwezi wa Mei mwaka wa 1952 alitokwa na kidonda chini ya ulimi, upande wa kushoto, akaenda dispensari, na mhudumu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu baba amenikataza, akampa maji ya chumvi asukutue, akamrudisha, akampa tena, miezi saba jamani, miezi saba ya maji ya chumvi, mpaka kidonda kikawa kama kokwa la parachichi. Mwezi wa Januari mwaka wa 1953 nilimchukua kwa lori hadi Kisumu na kwa treni hadi Nairobi, wakasema ni kansa, na siku ya Jumanne tarehe 24 Februari akapasuliwa, wakakata ubavu wa ulimi, kipande cha ufizi na tezi za shingoni, akarudi nyumbani mwezi wa Aprili akiwa hai, nasi tukamshukuru Mungu tukidhani yamekwisha.

Hakuna aliyetuambia yanayofuata baada ya kisu, na hilo bado linanikereketa. Kuanzia mwezi wa Agosti taya lake lilianza kukaza, leo linafunguka vidole viwili, mwezi unaofuata kimoja na nusu, hadi likabaki kidole kimoja tu, akitafuna linalipuka kwa maumivu yanayopanda hadi utosini, na sikio la kushoto likaziba, likawa linavuma mchana kutwa, ukimwita upande huo ni sawa na kuuita ukuta. Mama hakumwambia mtu, alikula uji na ndizi za kupondwa akiwa jikoni peke yake, na katika harusi alimega tonge dogo dogo akapita hivyo hivyo kwa muda.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mlikuwapo. Siku ya Jumapili tarehe 12 Desemba mwaka wa 1954 mama alipika harusi ya binti wa jirani yetu Nyanchera, wageni wakitoka Nyamira, na mkuu wao, mzee Makori, akamwita aje aonje, akamwita mara tatu, naye alikuwa amesimama kushoto kwake, mama hakusikia, akaendelea kusonga ugali akiwa amempa mgongo. Alipovutwa nguo akageuka na kuonja mchuzi kwa kijiko, mzee Makori akasema mchuzi si kitu, anataka kuona obokima ikiingia, mama akamega, akajaribu kulisukuma tonge kwa kidole, meno hayakuachana, ugali ukamporomokea kifuani mbele ya watu mia mbili. Wageni wakainuka wote kwa pamoja, wakasema mpishi ameogopa chakula chake mwenyewe, wakaenda zao na njaa, na kabla jua halijatua mama yangu alikuwa amekwisha kuitwa omorogi, mchawi wa sumu.

Hakuna mtu hata mmoja aliyemwuliza ana nini mdomoni! Kovu lile lilikuwa shingoni mwake, refu, wazi, mlilitazama kila Sabato, mkaona ni afadhali kuamini sumu. Sokoni ndizi zake zilioza, kanisani kapu lake la chakula lilirudi kama lilivyokwenda, mlimsalimu njiani kwa upande wa kushoto, asipojibu mkasema ana kiburi, na watoto mkawafundisha kukimbia wakimwona, watoto ambao mama zao waliolewa kwa sufuria za Bitutu.

Katika mwaka ule wote, mtu wa nje ya nyumba yetu aliyekula kutoka mkononi mwake alikuwa Luul, mke wa Abdinasir mwenye duka la vitambaa mjini, mama Mwislamu, Msomali, ambaye hana ukoo nasi, naye ndiye aliyemwuliza swali mlilolikwepa ninyi, akaambiwa, akampeleka kwa daktari wa misheni mwezi wa Septemba mwaka wa 1955. Daktari alieleza kwa maneno machache kwamba msuli wa taya uliokatwa hufanya kovu gumu, na kwamba kijia cha hewa kati ya pua na sikio hakifunguki tena, kwa hiyo maji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio, akaitoboa, maji yakatoka, mama akasikia kuku wakilia kushoto kwake, akacheka peke yake. Baada ya wiki sita sikio liliziba tena, lakini daktari alimpa pia vijiti bapa vya kupachika katikati ya meno asubuhi na jioni, akiongeza kimoja kila taya linapokubali, alianza na vitano, machozi yakimtoka, na kufikia mwezi wa Novemba mwaka wa 1956 alikuwa amefika kumi na vitatu. Alikuwa na shabaha moja tu, kwamba harusi ya Orpah, mdogo wa watoto wake waliobaki, ataipika yeye, na atameza tonge mbele ya wote, na jina lake litarudi.

Ijumaa kabla ya harusi hiyo wazee wa ukoo wetu, wetu sisi, si wa Nyamira, walikaa wakaamua kwamba Bitutu asionekane karibu na moto, wasije wakwe wakaondoka, wakataka mtu wa kumpelekea habari, na aliyekubali ni mimi. Mimi mwalimu, mimi niliyempeleka Nairobi, nilikwenda nikasimama makusudi upande wa sikio la kushoto, nikasema kwa sauti ya chini, nikiomba asisikie ili niseme nimekwisha kumwambia. Aliona midomo yangu ikicheza, akageuza kichwa, akaniletea sikio zima, akaniomba nirudie, nami nikarudia. Jumapili tarehe 16 Desemba mwaka wa 1956 Orpah aliolewa, na mama yake alishinda nyuma ya nyumba kwenye migomba, amevaa nguo mpya aliyoshonewa na Luul.

Mwezi wa Januari mwaka huu kansa ilirudi shingoni, vijiti akavitupa, na siku ya Jumatano tarehe 13 Machi 1957, saa nne asubuhi, alikata roho nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inamshukuru daktari wa misheni, inamshukuru Luul na bwana Abdinasir, inawashukuru walimu wenzangu waliochimba kaburi, na majirani mliokuja, ndiyo, hata ninyi, baba amesema niwashukuru. Chakula kiko tayari, amekipika Kwamboka, na nimeona wengine wenu mmekuja na vikapu vyenu mmevifunika kwa kanga. Leo hakuna atakayesimama mbele yenu kuwaonjea. Anayetaka kula atakula, na anayeogopa ajue kwamba anaogopa mbele ya kaburi la mama.

Mama, nilikosa. Ilinipasa kusema hili ungali hai, nikiwa upande wako wa kulia. Lala, upumzike kwa amani.