Siti Mbili za Chenge

Kijiwe chetu cha Igogo kinatazamana na kibanda cha fundi siti, na kahawa anayotuuzia Kashindye haijawahi kumfundisha mtu kunyamaza. Jumamosi hiyo Chenge alifika na siti mbili za pikipiki begani, hana raha. Mteja wake wa kila siku, Odeta, ambaye Chenge humpeleka kwa bodaboda dukani kwake Nyamagana, alikuwa amemwambia wazi kwamba siti ya zamani inamuua kiuno, na asipoibadilisha leo atatafuta bodaboda mwingine. Fundi kamwazima mbili achague: moja laini, nene kama godoro la maharusi, na nyingine ngumu, nyembamba.

Tukazipanga juu ya benchi. Wa kwanza kukaa alikuwa Injinia, jina alilopata kwa kufungua redio za watu na kubaki na skrubu mkononi. Akapanda ile laini, akashika usukani wa hewa, akakata kona mbili tatu.

— Hii hii. Sponji inameza shimo kabla halijafika mgongoni.

Daktari hakukubali. Huyu anauza dawa za mifugo, lakini haoni sababu ya kuishia kwa mifugo. Akakalia ile ngumu, akakanyaga breki ambayo haipo, akatueleza kwamba siti laini inalegeza figo.

— Umeshaona ng'ombe analalamika kiuno? Na analala wapi, kwenye sponji?

— Ng'ombe habebi abiria, Daktari, Injinia akamjibu.

— Ndiyo maana nakwambia ana akili.

Injinia akapandisha dau: tuchukue mpira wa ndani wa trekta, tuutie maji nusu, tuushonee ngozi juu, dereva aelee kutoka Igogo mpaka mjini. Daktari akasema maji yakipigwa jua yatachemka, Chenge atafika mjini ameiva. Tulicheka mpaka Kashindye akamwaga kahawa. Mimi nami nikakaa, nikaendesha, nikatoa hukumu ambayo hakuna aliyeiomba. Chenge mwenyewe alizikalia mara nne nne, mwisho akachagua ile laini, uso umemchangamka.

Hapo Odeta akatokea na mkoba wake. Chenge akamweleza kwa majivuno kwamba siti imejaribiwa na wataalamu watatu. Odeta akaitazama. Mbele ilikuwa imebonyea na kuchafuliwa na suruali zetu, nyuma inang'aa. Akaweka kiganja huko nyuma.

— Na hapa ninapokaa mimi, mmepaonaje?

Injinia akaangalia kikombe chake. Daktari akakumbuka ana mteja. Na mimi, ninayejifanya kuona kila kitu, niliona aibu.

Odeta akaketi mbele, akashika usukani wa hewa kama tulivyofanya sisi.

— Panda nyuma, Chenge.

Chenge akapanda. Akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akatulia.

— Huku sponji haikufika, ni ubao mtupu, akasema taratibu. Nisamehe, dada Odeta.