Mikono ya Shati la Breki

Kila asubuhi benchi la nje ya kibanda cha fundi cherehani hujaa kabla kahawa haijachemka. Fundi mwenyewe wanamwita Rula, na jina hilo analivaa kwa maringo: miaka thelathini anapima wateja bila kuandika hata namba moja, vipimo vyote viko kichwani. Ndiyo maana leo hakutaka kumtazama Breki, dereva wa lori, aliyekuja na shati jipya alilomshonea, lenye mikono mirefu hadi imemfunika vidole.

— Rula, hivi ni vipimo vya marehemu baba yangu!

— Basi livae kwa heshima yake, alijibu Rula.

— Usimlaumu, alidakia Wembe, kinyozi wa jirani. Ni mvi hizo. Mimi nanyoa watu, naona kabisa akili zikidondoka na nywele.

— Kwa hiyo tukizoa taka za kwako tutapata maprofesa? Acha zako! Breki akacheka. Ni cherehani. Inatikisa meza, meza inatikisa kiwiko, kiwiko kinatikisa ubongo. Mimi lori lilinisahaulisha siku ya harusi yangu.

— Hiyo ulijisahaulisha mwenyewe! alisema Wembe.

Rula akajikohoza.

— Binti yangu muuguzi kanipima, sukari iko juu. Anasema insulini ndiyo inayobisha hodi ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye seli. Mwili wangu umeizoea hodi, haufungui upesi. Na ubongo nao unaweza kugoma hivyo hivyo, kumbukumbu zikaanza kuteleza. Wataalamu bado wanachunguza, ila uhusiano wameuona.

— Kasema yote hayo? aliuliza Wembe.

— Binti yangu huyo! Rula akajipiga kifua, huku akikoroga kahawa.

Mara binti mwenyewe akatokea, yuko njiani kwenda kazini, sare imenyooka.

— Shikamooni. Baba, hapo umetia vijiko vingapi vya sukari?

Rula akafungua mdomo. Akamtazama Wembe, Wembe akamtazama Breki. Hakuna aliyejua. Rula aliogopa, aliogopa kweli, na uongo ulikuwa tayari ulimini. Akaumeza. Akakiweka kikombe chini, akavuta futi kamba shingoni.

— Breki, nyoosha mkono. Mwanangu, una kalamu?

— Ninayo, baba.

Rula akapima, akaitaja namba kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara.

— Andika. Tena andika vizuri, watu wajue ni mkono wa binti wa Rula.