Marehemu Libérat Ntahondi, Aliyetaka Kila Mgeni Aulizwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dafrosa, mdogo wake marehemu. Kaka yetu mkubwa, Polycarpe, ameniomba asubuhi hii nifupishe mambo ya siasa. Nimekataa, kwa sababu ukiyatoa hayo, hatakuwa Libérat tunayemzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1976 huko Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mtoto wa tatu wa Mama Klementina, aliyevuka kutoka Burundi mwaka 1972 na sufuria moja na Polycarpe mgongoni.

Shule ya msingi alisoma hapohapo Katumba, kisha sekondari mjini Mpanda. Huko walimcheka lafudhi mpaka akaing'oa kabisa. Alipokuja likizo, mama alimsalimia kwa Kirundi naye akajibu kwa Kiswahili, na ikawa hivyo miaka yote.

Mwaka 1999 alifungua kibanda cha ufundi redio mtaa wa Shanwe, mjini Mpanda. Wateja wake mnakumbuka. Ukifuata redio yako saa ya habari, anakuambia, "Imepona, lakini taarifa haijaisha," na unasubiri mpaka aijue Kongo imeamkaje. Mwaka 2003 alifunga ndoa na Theopista, wakajaliwa Jonas na Leticia. Mwaka 2014 tulipata uraia, na cheti chake akakitia fremu, akakitundika kibandani.

Mwaka 2020 aligombea udiwani. Wenzake waliahidi visima. Yeye alihutubia kuhusu vita vya ng'ambo ya ziwa na mipaka. Watu walimtania, "Fundi, udiwani na Kongo wapi na wapi?" Alisema serikali isijiingize katika ugomvi wa majirani, ifunge mpaka, na kila njia ya kuingia mjini iwekewe vijana wa kuuliza wageni. "Karatasi hughushiwa," alisema. "Nyie sikilizeni ulimi."

Siku moja mama alikuwepo mkutanoni. Alisimama akamuuliza, "Libérat, mimi ningefungiwa, wewe ungezaliwa wapi?"

"Mama, nyie mlikuwa watu wengine," alijibu. Watu walipiga makofi. Mimi nilimshika mama mkono tukaondoka.

Kura hazikutosha, lakini hoja ilipendwa. Kizuizi kiliwekwa kwenye njia itokayo Katumba, na Sylvanus, aliyekuwa mpiga debe wake, akapewa kukisimamia. Marehemu aliwapelekea vijana soda kila Jumamosi, akiwafundisha maneno ya kumtegea mgeni.

Jumatano tarehe 13 Machi 2024 alikuwa Katumba akimsaidia mama kuchuma tumbaku. Alianguka. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na Kiswahili chake chote. Mama alimpakia kwenye bajaji ya Ng'washi, dereva mgeni asiyemfahamu, wakakimbilia hospitali. Kitambulisho kilibaki Shanwe.

Kwenye kizuizi walikuta vijana wapya. Walimuuliza jina. Akasema, "Amazi." Alikuwa anaomba maji.

"Huyu sio wa hapa," mmoja alisema. Mama alieleza kwa Kiswahili chake, na ndipo wakazidi kushuku. Waliwaweka juani tangu saa sita mpaka saa tisa, wakimsubiri Sylvanus. Sylvanus alipofika na kuona ni nani amelazwa kwenye ile bajaji, alikaa chini barabarani akalia. Sina hasira na vijana wale. Walifanya walivyofundishwa, na aliyewafundisha nilimpenda.

Daktari alisema amecheleweshwa mno. Libérat alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Machi, akiongea na mama Kirundi kitupu, kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, kaka zake na mimi.

Tangazo la mwisho. Sylvanus ametuambia kizuizi kipo leo pia, na kuanzia Jumatatu kinaongezwa cha pili. Nyie wa Katumba, tutaondoka pamoja kabla ya saa kumi, vitambulisho mkononi, na watoto wasiojua Kiswahili vizuri wakae katikati. Mama, tukifika pale wewe nyamaza. Nitakusemea mimi.

Kaka yangu apumzike kwa amani.