Dole Gumba la Ukutani

Benchi la mbele ya kinyozi lina wenyewe, na asubuhi hiyo wenyewe walikuwa wanamsikiliza mtu mmoja, jambo la nadra. Fundi Pima, mwashi wa mtaa, alikuwa amerudi jana kutoka kile kimji cha milimani karibu na mpaka, kilichojengwa na wakoloni waliokimbia joto. Miaka yote aliwaambia kwamba marehemu baba yake alijenga nyumba moja kubwa huko, na miaka yote walimcheka. Sasa kashika kikombe cha kahawa, wala hanywi.

— Sebuleni mwa ile nyumba kuna meko, jamani, akasema. Moto unakaa ndani ya ukuta, moshi unapanda kwenye bomba la mawe mpaka juu ya paa. Nilisimama pale nikasahau hata jina langu.

Wembe, ambaye ndiye kinyozi, akasema wakoloni walikuwa wanaanikia nguo tu, maana huko ni ukungu mtupu. Mzee Redio, asiyepitwa na habari, akamkatiza: moshi ule ulikuwa wa kuwapa ishara wenzao ng'ambo ya mpaka. Wembe hakukubali kushindwa. Akaapa kwamba mabomba yale yameungana chini kwa chini, mtu anaingilia sebuleni anatokea nchi ya pili bila kuulizwa karatasi.

— Na masizi yote hayo mwilini, nani atampokea? akauliza Redio.

Fundi hakucheka. Akawaeleza mtindo wa baba yake: akimaliza ukuta, hubonyeza dole gumba kwenye saruji mbichi, pale mawe ya mwisho yanapoungana, chini kushoto. Dole pana lililopinda, la ukoo mzima. Basi aliinama kwenye yale meko.

— Lipo, alisema.

Redio akavua kofia. Wembe akasema wamemkosea sana, awawie radhi.

Mshonaji mmoja, binti aliyehamia mtaani juzi, alikuwa anasubiri kahawa yake kwa muuza kahawa kando ya benchi.

— Shikamoo, baba. Na dole lako ulipolitia kwenye ile alama, lilienea?

Fundi akaliangalia dole lake. Kule milimani alikuwa amelinyoosha kweli, likabaki shubiri moja tu lifike ukutani. Waashi walikuwa wengi, na wote walikuwa na vidole. Aliogopa lisije likapwaya, akatoka kinyumenyume.

Benchi zima likamtazama. Kahawa ya Fundi ilikuwa imeshapoa. Akaimwaga, akamuuliza Redio basi la kwanza la milimani linaondoka saa ngapi.