Kishikizo cha Dirisha na Sahani ya Mwera

Pale Makorora, miaka ile ya hamsini mkonge ulipokuwa na bei na kila mtu Tanga alikuwa anajenga au anadai kwamba atajenga, palikuwa na benchi refu limeegemezwa ukutani kwa Shehe, muuza kahawa. Benchi lilitosha watu wengi, lakini pa heshima palikuwa pahala pamoja tu: mwisho kabisa, karibu na dele la kahawa, ambapo mtu aliegemeza mgongo ukutani na kupewa kikombe cha kwanza. Miaka nenda miaka rudi alikaa hapo Mzee Noa, seremala aliyekwisha kuacha kazi, Mshambaa aliyeteremka pwani kijana akazeekea huku. Kijiwe kilimbandika jina la Gramafoni, maana ukishamfungulia hanyamazi, na sahani anayoipiga ni ile ile. Lakini kwa wiki kadhaa sasa pale pamekaliwa na Ernesti, fundi aliyefunzwa randa na msumeno na Mzee Noa huyo huyo, na mzee mwenyewe amehamia kwenye jiwe upande wa pili, penye jua. Alasiri hiyo Ernesti alikuwa amekaa pale pa heshima, na mgongo wake haukugusa ukuta.

— Mvumbuzi leo kapoa, alisema Sadalla. Sadalla alikuwa tarishi wa mahakama, na kwa kule kubeba mafaili ya mahakimu siku zote alijiona naye anahukumu, ndiyo maana wakamwita Jaji. — Mtu anayengoja patenti hakai kinyonge hivyo, bwana.

— Sijaipata bado, Jaji.

— Utaipata! Kwani nani mwingine kabuni kishikizo cha dirisha kama kile? Upepo unavuma, bao la dirisha linarudi ukutani, chuma kinashuka chenyewe, kap! Limeshikwa. Ukitaka kufunga, unainua mkia kwa kidole. Mimi nimekitia kwangu, mke wangu kaacha kuweka mawe dirishani.

— Hiyo patenti hasa ni kitu gani? aliuliza Shehe akipepea makaa. — Mwaitaja kila siku nami naitikia tu.

— Ni haki, alisema Jaji. — Serikali inakiri kwamba kitu hiki kimetoka kichwani mwa fulani bin fulani. Mwingine akikitengeneza bila ruhusa yake, pingu.

— Na akikitumia tu?

— Pingu ndogo.

— Aa, hapo hujui, alidakia Kristofa. Huyu alikuwa mtia mafuta mashine wa karakana ya reli, na jina lake la kijiweni lilikuwa Injini. — Mimi nakaa na mashine, mimi. Ukishapata patenti, kila kitu chako kikitumika duniani wewe unapewa habari. Gavana akiamka asubuhi akitaka kufungua dirisha, mtumishi anamwambia, ngoja bwana, kwanza tumwombe ruhusa Ernesti wa Makorora.

— Na Ernesti akiwa amelala?

— Gavana atakaa gizani. Sheria ni sheria.

Wakacheka mpaka Shehe akamwaga kahawa. Ernesti naye akacheka kidogo, kwa mdomo tu. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika kipande cha chuma alichokifunga kwa kitambaa, na kila walipomsifu kile chuma kilizidi uzito.

Alikuwa nacho tangu asubuhi. Alikwenda dukani kwa Hakimuddin, yule Mhindi wa vyuma, kununua skrubu, na Hakimuddin kwa furaha yake akamwambia: “Fundi, ngoja, nimekumbuka kitu!” Akaingia stoo, akaburura sanduku la tangu enzi za babu yake, lililonunuliwa Unguja kwa wafanyabiashara wa Kimarekani. Humo mlikuwa na bawaba, makomeo, vishikio vya saraka za meza, hata kijimashine cha kumenya tufaha, tunda ambalo pwani nzima halioti, na kila kimoja kimechorwa herufi na mwaka. “Wamarekani wale,” alisema Hakimuddin, “hata mtego wa panya waliuombea patenti.” Kisha akamtolea kishikizo cha dirisha. Ulimi ule ule, mkia ule ule, na uzito umewekwa pale pale. Mgongoni kimeandikwa PATENTED 1869, U.S.A. Hakimuddin akampiga begani akicheka: “Kichwa chako na cha Mmarekani ni kimoja, fundi!” Alikuwa anampongeza, maskini, na Ernesti aliondoka pale bila hata kuchukua skrubu zake.

Hakuiba. Hilo aliweza kuliapia. Kile kitu kilimjia karakanani siku dirisha lilipompigia kelele mchana kutwa, akachukua kipande cha bati nene na tupa, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kama unaijua njia. Wakati ule alimshukuru Mungu. Leo ndicho kilichomtia hofu: mkono uliijuaje njia? Na Jumapili ndiyo madirisha mapya ya kanisa yangefunguliwa, vishikizo vyake juu, yeye amesimama mbele ya usharika mzima. Beatrisi, mkewe, alikwisha kuwaambia wanakwaya wote. Asiposema leo, Jumapili atasimama mbele ya madhabahu na kitu cha mwenziwe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akakitoa kile chuma, akakifungua kitambaa, akakiweka benchini.

— Jamani, mimi si mvumbuzi, alisema. — Tazameni wenyewe. Kimetoka kwa Hakimuddin.

Jaji akakiokota, akakisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mahakamani.

— Patenti. Elfu moja mia nane sitini na tisa. Amerika, alimaliza kusoma. Akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha akapiga paja. — Wezi wakubwa hawa!

— Wezi nani?

— Wamarekani! Wamekuibia, Ernesti!

— Jaji, mwaka huo hata baba yangu hajazaliwa.

— Tulia kwanza, shauri halijaisha. Wamarekani si walikuwapo Unguja zamani, wakiuza kitambaa cha merikani na kununua pembe za ndovu? Basi. Mmoja wao kapanda milima mpaka kwenu Usambara, kalala kwa babu yako, kakiona dirishani, kakitia mkobani.

— Babu yangu hakuwa na dirisha. Alikaa nyumba ya msonge.

— Ndiyo hapo sasa! Kakibuni, kakosa pa kukitia. Mmarekani akamwambia, nipe mie, mimi ninalo dirisha.

— Hata! alisema Injini. — Shida yote ya kupanda milima ya nini? Wale wana mitambo. Redio inanasa sauti ya mtu aliyeko Nairobi, au hainasi?

— Inanasa.

— Basi wao wana ya kunasa mawazo. Wazo la Ernesti lilikuwa njiani linakuja, wao wakalidaka mapema.

— Kabla mwenyewe hajazaliwa?

— Lilitangulia wazo, yeye akafuata. Ndiyo maana lilipomfikia lilikuwa tayari limeshikwashikwa.

— Kumbe ni chake, alisema Shehe kwa upole, akimjazia Ernesti kikombe. — Kinywe, mwenyewe. Ni chako.

Walisema kwa mapenzi, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Walikuwa tayari kuitia hatiani Amerika nzima kuliko kumwona yeye amekosa. Ernesti aliwatazama, akaona jinsi ingekuwa rahisi. Jumapili ingepita. Beatrisi asingeinamisha uso. Pengine babu kweli... Akajikuta ametikisa kichwa, kidogo tu, kukubali. Na alipotikisa kichwa, macho yake yakakutana na ya Mzee Noa kule kwenye jiwe. Mzee akayashusha yake, akawa anachora mchanga kwa bakora.

— Na wewe Gramafoni mbona husemi? aliuliza Injini. — Wiki ngapi hizi hutupigii hata upande mmoja. Wivu huo, mzee! Kijana wako kakupita.

Mzee Noa akatabasamu, akafuta mchoro wake kwa ncha ya bakora. Ernesti hakutabasamu, kwa sababu hapo ndipo alipoikumbuka ile siku ya kwanza.

Alikuja na kishikizo chake kipya kabisa, akampa Mzee Noa akishike kabla ya wengine. Mzee akakipokea, na kidole chake kikaenda mkiani, kikauinua, kikauachia. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha namna. Kisha akafungua kinywa: “Kule Mwera...” Kijiwe kizima kikampigia kelele. Aa, Gramafoni, leo hatuitaki sahani ya Mwera! Na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Ernesti. “Mzee, leo ni siku yangu. Hiyo ya Mwera tumeisikia mpaka masikio yameota sugu.” Watu wakaanguka kwa vicheko. Mzee Noa naye akacheka, akakirudisha kile chuma, akainuka pale pa ukutani, akasema, “Njoo ukae hapa, mwanangu.” Tangu siku hiyo sahani ya Mwera haikulia tena. Kijiwe kikasema ni wivu. Ernesti mwenyewe alimwambia Beatrisi, kitandani, kwamba mzee anamwonea wivu.

Sasa akajaribu kuikumbuka sahani yenyewe. Ilianza na shamba la mkonge kule Mwera, upande wa Pangani, enzi za ujana wa mzee, na karakana yenye mashine ya Kimarekani ya kutoboa mbao: unakanyaga kwa mguu, patasi inashuka yenyewe. Mpaka hapo aliikumbuka vizuri. Kisha ikaendelea... ikaendelea wapi? Ilipofika hapo, miaka yote ile ya kujifunza kazi, yeye alikuwa anapiga randa, anapuliza takataka za mbao, anaitikia ehe, mzee, ehe.

— Hodi hapa kijiweni! Shikamooni, wazee.

Alikuwa Fanueli, shemeji yake Injini, ameshuka kwenye lori la Pangani na kapu lake la nazi. Wakamwitikia, wakasogea. Fanueli akataka kukaa, akaona chuma kiko benchini, akakiokota ili apate nafasi. Kidole chake kikaenda mkiani.

— Ee! Na hiki kimefikaje huku?

— Wewe unakijua? aliuliza Jaji.

— Nisikijue mimi, mtu wa Mwera? Nyumba ya meneja wa shamba kila dirisha linacho. Tulikuwa tukivichezea tulipokuwa wadogo, tunachapwa. Aliviweka fundi mmoja wa zamani, wanamtaja hata leo, ndiye aliyekuwa akiendesha ile mashine ya mguu. Vilikuja pungufu, wanasema, vilivyobaki akavifua mwenyewe, usivitambue kipi cha ng'ambo kipi chake. Mshambaa. Noa jina lake.

Fanueli akafuata macho ya watu mpaka kwenye jiwe, akamwona mzee na bakora yake.

— Mzee Noa seremala? Ndiwe wewe? Shikamoo, baba!

— Marahaba, mwanangu.

Fanueli akageuka kwa wenzake, uso umemchangamka, akauliza kama mtu anavyouliza habari za mvua:

— Kwani hakupata kuwasimulieni?

Jaji akatazama viatu vyake. Injini akajishughulisha na kifungo cha shati. Shehe akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikafurika mpaka kwenye sinia, naye akaendelea kumimina. Ernesti alisikia damu ikimpanda usoni. Aliwaza juu ya Mmarekani wa mwaka ule, ambaye hakumjua wala hatamjua, akaona kwamba mbele ya huyo hakuwa na aibu hata chembe. Aibu yote ilikuwa hapa, hatua chache mbele yake, imekaa kwenye jiwe penye jua.

— Nilisahau, alisema Mzee Noa. — Uzee huu, mwanangu. Nilisahau kabisa kuwaambia.

Eti alisahau, Mzee Noa aliyekumbuka hata majina ya punda wa shamba lile.

Ernesti akainuka. Akapapangusa pale alipokuwa amekaa kwa kiganja, pote, mpaka ukutani.

— Mzee, njoo ukae pako.

— Kaa tu. Hapa jua linanisaidia magoti.

— Nisamehe, mzee. Ulisimulia nikiwa napiga randa, mkono ukashika, mimi sikusikiliza. Jumapili nitasema mbele ya kanisa zima kazi hii nimeipata kwa nani. Lakini hapa napo nilikunyamazisha, na kila mtu alinisikia. Njoo ukae.

Mzee akainuka polepole, akaja, akakaa. Mgongo wake ukagusa ukuta. Ernesti akaketi chini, juu ya mchanga, karibu na miguu yake.

— Tusimulie, alisema. — Habari za Mwera. Toka mwanzo.

Shehe akainamisha dele juu ya kikombe cha mzee. Likatoa tone, kisha machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema kwa sauti ya chini.

Siku nyingine zote hapo ndipo watu walipojikung'uta makanzu na kuagana. Leo hakuinuka mtu. Mzee Noa akawatazama mmoja mmoja, Jaji, Injini, Shehe, mgeni, mwisho Ernesti, akitafuta nani anamtania. Akasafisha koo.

— Kule Mwera, alisema, kisha akanyamaza, akangoja wampigie kelele.