Kibakuli cha Mchuzi

Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye viti vya wanawake, sehemu ya mbele ya basi la kwenda Al Rayyan, Qatar. Nyuma yake wanaume wawili wasiojuana walibishana kama ndugu wa tumbo moja, kisa gari la chakula la Wavenezuela.

"Riyali ishirini kwa arepa? Bro, hiyo ni ugali imechomwa tu," alisema Mkenya mwenye sare ya ulinzi.

"Ulikwenda lini we?" Mzanzibari akamkatiza. "Siku hizi wanakutilia na kibakuli cha mchuzi wa nyama. Unamega, unachovya, unashiba mpaka jioni."

"Mchuzi wa bure? Nani aliwafunza?"

"Dada mmoja wa kwetu. Aliomba mchuzi, akamega kwa mkono, foleni nzima ikamcheka. Mwenye gari akajaribu vilevile. Tangu hapo kila mteja anapewa."

Mwanaidi aliinamisha uso. Tangu siku ile ya kuchekwa hakuwahi kurudi pale.

"Bado ishirini ni nyingi," alisema Mkenya. "Lakini huyo dada apewe hilo gari."

Basi likasimama. Hakikuwa kituo chake, ila Mwanaidi alishuka, akavuka barabara, akapanga foleni kwenye gari la arepa.