Muzee Buhendwa na Majina Yaliyofungwa Ndani ya Mashini

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iingie katika kila nyumba inayotusikiliza. Muzee Buhendwa ametutoka. Buhendwa, fundi wa kompyuta wa mtaa wetu wa Mapendo, alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na nane. Leo tumkumbuke kwa asubuhi moja tu.

Asubuhi ile Mama Henriette alikuwa ameketi katika ofisi ya parokia tangu mapema. Alikuwa amekimbia vita upande wa Rutshuru. Njiani, katika kusukumana, mkono wa binti yake Élodie ulimponyoka. Élodie, miaka saba. Baada ya miezi mitano habari zikafika: mtoto yuko Bukavu, kwa masista. Lakini masista hawamtoi mtoto bila karatasi yenye jina la mama yake. Karatasi za Henriette ziliungua pamoja na nyumba. Jina lake lilibaki mahali pamoja tu: katika orodha ya ubatizo, ndani ya kompyuta kuukuu ya parokia hii, ambako Élodie alibatizwa. Na boti la Bukavu lilikuwa linaondoka saa nane.

Kompyuta ile ilikuwa imechoka. Ukifungua orodha, inaganda. Buhendwa akaja na prosesa, kile kipande kinachofikiri ndani ya mashini. Ilikuwa na nguvu kuliko ile ya zamani. Aliitoa kwenye mashini nyingine iliyokufa.

Binti yake Christa alimbebea vyombo vya kazi.

"Papa, mikono yako inatetemeka."

"Iache itetemeke. Macho haitetemeke."

Ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Hakumwambia mtu.

Kwanza aliiwasha mashini ipate joto, ili ile dawa ya kupitisha joto, iliyokauka na kuishikilia feni juu ya prosesa, ilegee. Akaizima, akachomoa waya, akaizungusha feni pole pole mpaka ikaachia. Prosesa ya zamani ikatoka. Mpya ikakataa kuingia. Chini yake kuna mamia ya miguu, myembamba kama ncha za sindano, na mmoja ulikuwa umepinda. Ukivunjika huo mmoja, basi.

Buhendwa akaomba wembe. Henriette akafumba macho, akashika rozari. Muzee aliingiza wembe kati ya miguu, akaanza kunyoosha. Mkono ukitetemeka, anautoa wembe, anangoja utulie. Mara nne alingoja. Mara ya tano mguu ukanyooka, prosesa ikaketi yenyewe, bila kusukumwa. Akaipaka dawa, akarudisha feni.

Wakawasha. Orodha ikafunguka! Dakika tatu, mashini ikazimika. Wakawasha tena. Ikazimika tena. Ikafika saa sita.

"Muzee, umetuulia mashini," akasema Mama Clotilde, sekretere wa parokia.

Buhendwa akaiwasha mara ya tatu. Alitazama tu. Ndipo akaona: kila mara mashini ikiwaka, Mama Clotilde anaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kama tunavyofunika televisheni sebuleni, vumbi jeusi la volkano lisiingie. Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa.

"Mama Clotilde! Unaifunika kama bibi arusi. Itapumua na nini?"

"Miaka kumi na sita niko naifunika, haijalalamika hata siku moja!"

"Ile prosesa ya zamani ilikuwa inalala, mama. Hii inafanya kazi, iko na joto."

Kitambaa kikatoka. Dakika tatu zikapita. Tano. Kumi. Mashini haikuzimika. Kisha karatasi ikatoka kwenye printa: Élodie, na chini yake, mama, Henriette. Mama yule aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akatoka mbio bila kuaga.

Christa anatuambia: "Nikamwambia Papa, huyu mama hakusema hata aksanti. Papa akajibu: angesimama kuaga, ningemufukuza mwenyewe."

Jumapili ya wiki ile, Élodie alishuka kwenye boti ameshika nguo ya mama yake.

Christa, mutoto wetu, na familia yote ya Buhendwa, poleni sana. Mungu ampokee muzee, awape nguvu.

Na wewe unayesikiliza, uko na mtoto nyumbani ambaye hajaandikwa popote? Usiseme wiki ijayo. Kesho mushike mkono, mupeleke kwenye ofisi ya kuandikisha watoto, na ungoje pale pale mpaka uone jina lako limeandikwa chini ya lake.